Maji ya kisima yananimalizia samaki wa neoni, nifanyeje?

Baba Neema, Nakuru:
Wadau, nisaidieni kabla sijabaki na mawe matupu. Tangi langu ni la lita 80. Maji ni ya kisima cha ploti, haya haya yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. pH, kile kipimo cha tindikali (ikishuka, tindikali imepanda), inasoma 8.4. Nilinunua neoni tetra 10, vile visamaki vya mstari mwekundu, nikasikia kwao Amazoni maji ni ya tindikali, basi nikatia siki kidogo kidogo, jumla nusu kikombe. Jioni pH ikawa 6.8, nikalala kwa raha. Asubuhi imerudi 8.2 na wawili wanaelea. Nikarudia. Leo wamebaki 4, mstari mwekundu umepauka, na maji yamekuwa kama yameoshewa mchele. Nimejaribu hata kuyapitisha kwenye mkaa wa mifupa tunaochujia ya kunywa. Wapi!

Kijana wa Bondeni:
Fuga tilapia bwana. Wale waliotolewa Ziwa Magadi wakatiwa Ziwa Nakuru wanakunywa magadi na hawalalamiki.

Nyar Ahero, Kisumu:
Pole, Baba Neema. Siki iache leo hii. Mkaa wa mifupa kazi yake ni kutoa floridi, shida yako ni bikaboneti, chumvi iliyomo kwenye maji ya kisima inayoizuia pH isishuke. Siki ikikutana nayo inatoka hewa ya kaboni, na hiyo hewa ikiwa bado imo majini pH inaonekana imeshuka. Pampu ikipiga mapovu usiku kucha inatoroka, kama soda iliyoachwa wazi, pH inapanda tena. Kutoka 8.4 hadi 6.8 tindikali imeongezeka mara 40 hivi. Samaki wako wamebebeshwa hiyo, wakatuliwa, wakabebeshwa tena. Huo weupe nao ni bakteria wanaokula siki, na wanamaliza oksijeni.

Kinga maji ya mvua. Ya kwanza yamwage, yanaosha kinyesi cha ndege. Bati likiwa jipya usithubutu, linatoa zinki. Toa lita 8 za tangi, rudisha lita 8 za mvua, kila baada ya siku tatu. Usiwe na haraka. Ila usifike mahali pa mvua tupu, haina cha kushikilia pH, itaporomoka siku moja uwakute wamelala ubavu. Pima KH, yaani kiasi cha hiyo bikaboneti, ishushe hadi 4 usimame hapo. Mimi hutia na majani makavu ya mti wa mkungu kutoka Mombasa ili kushusha pH, lakini kwako kwa sasa yatapaka maji rangi ya chai tu.

Kijana wa Bondeni:
Kumbe kuna walimu humu.

Baba Neema, Nakuru:
Narudi baada ya wiki tatu. Maji ya kisima nilipima KH kwa dawa ya matone, kila tone ni KH 1: buluu ikagoma kugeuka njano hadi tone la 14! Bati la mwenye nyumba ni la zamani, nikaweka pipa. Sasa tangi linageuka tone la 7, pH 7.8. Wote 4 wapo, wekundu umerudi, jana wamegombania chakula. Asante sana dada. Shida iliyobaki ni mama Neema, anauliza maji yake ya mvua ya kufulia yanaishia wapi.