Chuo kinasema ithibati "iko kwenye mchakato": nilipe ada ya mdogo wangu au nisubiri?

Mlezi_wa_Kizota:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla ya Ijumaa. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne: Biolojia C, Kiswahili C, Kemia D, Fizikia D, Kiingereza D, Hisabati F. Anataka stashahada ya utabibu. Chuo kimoja binafsi kimemkubali ndani ya siku mbili. Ada ni 1,600,000 kwa mwaka, na nusu yake wanaitaka ifikapo Ijumaa. Nilipouliza uhalali wao nikapewa namba inayoanza na REG/HAS, nikaambiwa usajili upo, ila ithibati iko kwenye mchakato. Halafu hatasoma makao makuu, atasoma kwenye tawi lao jipya. Tofauti ya usajili na ithibati ni nini? Nitajiridhishaje? Na ile F ya Hisabati itamkwamisha mbele ya safari?

Meza_ya_Udahili:
Mkuu, usilipe kwanza. Tuanze na maneno, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapochanganywa.

Usajili ni ruhusa ya chuo kuwepo na kufundisha: wenye chuo wanajulikana, majengo yamekaguliwa, uongozi na walimu wapo. Ithibati inakuja juu ya hapo. Chuo kinajitathmini, kinakaguliwa, na kinaonyesha kwamba kina mfumo wa kusimamia ubora wa ufundishaji na mitihani yake. Kwa hiyo chuo kinaweza kuwa na usajili kamili huku ithibati bado haijakamilika, na wanafunzi wake wakawa halali kabisa. Neno "mchakato" peke yake lisikutishe, na wala lisikutulize.

La kukuumiza kichwa ni hili: je, NACTVET (baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi Tanzania, vikiwemo vya afya) imekiruhusu chuo hicho kufundisha utabibu, katika eneo hilo hilo atakaposoma mdogo wako? Chuo cha afya kinaweza kuwa kimeruhusiwa kufundisha uuguzi au famasi tu, kikaongeza utabibu kwenye bango la barabarani. Namba ya REG/HAS ni ya taasisi ya afya na sayansi shirikishi. Haithibitishi kozi.

Pakua kitabu cha muongozo wa udahili cha mwaka huu kutoka tovuti ya NACTVET. Cha mwaka jana hakikusaidii, kwa sababu kozi huongezwa na kuondolewa. Tafuta jina la chuo, kisha angalia mambo manne kwenye mstari wake: mahali kilipo, jina la kozi, nafasi walizoruhusiwa, na ada. Ada ikitofautiana na uliyotajiwa, uliza kwa maandishi tofauti hiyo ni ya nini. Kozi isipokuwemo, hapo hakuna la kujadili na mtu wa mapokezi. Andika barua pepe au nenda ofisi ya kanda ya NACTVET.

Jambo dogo: ukionyeshwa cheti cha usajili chenye jina la zamani, NACTE, hiyo si dalili ya kughushi. Baraza lilibadilishwa jina lilipoongezewa mafunzo ya ufundi stadi. Wewe tafuta hali ya sasa ya chuo.

Biolojia_na_Kemia:
Kuhusu matokeo: kwa stashahada ya utabibu anatakiwa awe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, ndani yake ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia (au sayansi ya uhandisi). Yeye anayo matano. Anaingia. Hisabati na Kiingereza zinahesabiwa kama nyongeza ya sifa, si sharti.

Shida ya ile F inakuja baadaye, na hapa ndipo vijana wengi wanapokwama wakiwa tayari wana vyeti mkononi. Akitaka kujiendeleza kuwa daktari, muongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) unadai stashahada yenye wastani wa B au GPA (wastani wa pointi za masomo ya chuo) isiyopungua 3.0, na juu ya hapo angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. GPA ya 4 haifuti F ya Hisabati. Ushauri wangu: mwaka wa kwanza au wa pili ajisajili NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie Hisabati peke yake. Asingoje amalize, kwa sababu mtihani ni Novemba na matokeo hutoka mwaka unaofuata. Akichelewa kujisajili, dirisha zima la udahili wa vyuo vikuu linampita.

Mlezi_wa_Kizota:
Asanteni sana. Nimefungua muongozo. Chuo kimo na utabibu umo, lakini mahali palipoandikwa ni makao makuu tu. Nimewapigia, wanasema wanafunzi wa tawi "watasajiliwa kupitia makao makuu".

Meza_ya_Udahili:
Hapo ndipo pa kusimama, ndugu yangu.

Ukaguzi hufanywa kwenye jengo, maabara na walimu wa mahali fulani. Nafasi zilizoandikwa kwenye muongozo zimetokana na uwezo wa mahali hapo. Wakiingiza wanafunzi wa tawi kwenye hesabu ya makao makuu, idadi inaweza kuzidi nafasi zilizoruhusiwa, na wanaozidi ndio majina yao hayapiti uhakiki. Chuo hupeleka NACTVET majina ya waliochaguliwa na baraza huyahakiki moja moja. Jina lisipohakikiwa, kijana anaweza kuhudhuria vipindi muhula mzima, akavaa koti jeupe na kulipa ada, kisha siku ya mtihani anaambiwa hayumo kwenye mfumo. Bila kumbukumbu hizo, mwishoni hapati ile namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, ambayo mwenye stashahada anaihitaji kuomba chuo kikuu.

Waambie hivi: tunaomba barua ya NACTVET inayoruhusu utabibu kufundishwa kwenye tawi hili, yenye jina la wilaya. Kama ipo, kuitoa nakala ni dakika tano. Kama haipo, omba ahamishiwe makao makuu au aombe chuo kingine dirisha likiwa bado wazi. Na akishapokelewa popote, aingie mwenyewe kwenye tovuti ya baraza aangalie taarifa zake za uhakiki, asitegemee neno la ofisi ya chuo.

Zamu_ya_Usiku:
Mimi naongezea upande wa wodini, maana karatasi zinaweza kuwa safi na mafunzo yakawa duni. Muulize mkuu wa chuo: mazoezi ya vitendo ni hospitali gani, na makubaliano ya maandishi yapo? Vyuo vitatu vikigombania wodi moja ya wazazi, mwanafunzi atasimama nyuma ya wenzake kumi na tano akichungulia. Ingia chumba cha stadi. Midoli ya kujifunzia kuzalisha na kufufua pumzi ikiwa bado kwenye nailoni, haitumiki. Uliza pia nani anasaini kitabu chake cha mazoezi: mtu aliyemwona akifanya, au katibu wa ofisi mwisho wa mwezi?

Na ajue kuwa cheti cha chuo si leseni. Tabibu anasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya 2017. Muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga, lenye mtihani wake wa leseni, na mfamasia ana Baraza la Famasi. Chuo kinaweza kutoa cheti kizuri, lakini anayemruhusu kijana kumgusa mgonjwa ni baraza la taaluma.

Mwana_Nakuru:
Huku Kenya pia ni hivyo hivyo. Kusajiliwa kama chuo cha mafunzo hakutoshi. Kwa uuguzi, Baraza la Wauguzi lazima liwe limeidhinisha chuo, na kila mwanafunzi huingizwa kwenye rejista ya baraza akiwa bado masomoni. Mzazi aombe namba hiyo mapema.

Mlezi_wa_Kizota:
Nimeelewa. Ijumaa silipi, nimeomba ile barua kwa barua pepe. Swali la mwisho: akija kutaka kufanya kazi Oman au Dubai, wanaangalia nini?

Zamu_ya_Usiku:
Hawatosheki na nakala uliyogonga muhuri kwa wakili. Vyeti hupitia uhakiki wa chanzo, mara nyingi kwa kampuni ya DataFlow, inayoandikia moja kwa moja chuo kilichotoa cheti na baraza lililotoa leseni. Jina lazima lilingane herufi kwa herufi kwenye cheti cha kidato cha nne, cha chuo, leseni na pasipoti. Kwa hiyo siku anayojaza fomu ya chuo, aandike jina kama lilivyo kwenye cheti cha NECTA, yote matatu, bila kufupisha la kati. Kama cheti cha kuzaliwa kina tahajia nyingine, alishughulikie sasa kabla hajaanza.