Msaada: picha ya Taj Mahal niliyonunua mnadani, ni ya mkono au chapa tu?

Mgeni_Leicester: Wakuu habari zenu, nipo Uingereza huku, nimeokota picha ya Taj Mahal kwenye mnada wa vitu vya zamani, rangi za maji, mpaka yale maua ya mawe ya rangi kwenye marumaru yanaonekana, chini kuna maandishi kama ya Kifarsi. Shemeji anasema ni takataka za watalii ila jamaa mmoja palepale kanipa pauni 300 nimwachie. Imeshika vumbi, nataka niifute na kitambaa kibichi alafu niitundike sebuleni dirishani. Mnasemaje?

Bi Mkubwa: Weka kitambaa chini we mtoto! Rangi ya maji ukiilowesha inaondoka. Na jua litaifubaza.

Mzee wa Makaratasi: Mkuu, Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki ilipoiteka Delhi na Agra mwaka 1803, maafisa wakataka picha za majengo, Taj, mnara wa Qutb Minar wa Delhi, kaburi la mfalme Akbar kule Sikandra, basi mafundi wa huko wakaacha vitabu vya wafalme wakaanza kuwachorea hao wateja wapya kwenye karatasi za Ulaya, mistari ya rula kama ramani ya nyumba. Wanaojulikana kwa majina wapo, Latif wa Agra, Mazhar Ali Khan wa Delhi ambaye Thomas Metcalfe, mwakilishi wa Waingereza kule Delhi, alimtumia sana kwenye albamu yake ya 1844, ila wengi hawakusaini kwahiyo usihangaike na jina. Tafuta mistari ya penseli chini ya rangi, hiyo ndo dalili ya kuchorwa kwa mkono.

Kipanga: Naongezea, rangi ya mkono peke yake haitoshi kukuambia si chapa, maana wachoraji wa Kiingereza Thomas na William Daniell walitoa chapa za India 1795 mpaka 1808 na zilipakwa rangi kwa mkono. Chukua lenzi. Ukiona vidoti vimejipanga sawasawa hiyo ni ya mashine ya juzijuzi tu.

Mgeni_Leicester: Vidoti hamna, penseli ipo kwenye minara. Nimefungua ubao wa nyuma nikamulika tochi, ndani ya karatasi naona ...TMAN alafu 18 na namba zimekatwa.

Mzee wa Makaratasi: Whatman hiyo, jina la watengeneza karatasi wa Kent, Uingereza! Mwaka ni wa karatasi lakini, mchoro unaweza kuwa wa baadaye. Usikate kingo, maandishi ndo thamani yenyewe.

Mgeni_Leicester: Jamaa kapiga simu, kafika 450 😂

Kipanga: Mwambie asubiri. Peleka kwanza kwa mtaalamu wa sanaa za India asiyetaka kuinunua.