Nasaba ya Ireland: jamaa wa jambazi au uzao wa malkia wa maharamia?

MkeWaMelbourne:
Ndugu wanajamvi, naomba mwongozo. Mume wangu alizaliwa Melbourne, na kwao husimuliwa habari mbili kuhusu wazee waliotoka Ireland. Ya kwanza ni kwamba wao ni jamaa wa Ned Kelly, jambazi aliyenyongwa mjini humo tarehe 11 Novemba 1880. Ya pili ni kwamba wametokana na Grace O'Malley, mwanamke wa Mayo, magharibi mwa Ireland, aliyeongoza meli za kivita na kuonana na Malkia Elizabeth I mwaka 1593. Mama mkwe huitangaza ya pili na kuinyamazia ya kwanza. Wanangu wanauliza, nami ningependa kuwaandikia yale tu yenye ushahidi. Nianzie wapi?

MpekuziWaNyaraka:
Dada, anza kwa mume wako urudi nyuma kizazi kwa kizazi. Ukianza kwa Kelly ukashuka utapotea, kwani jina hilo limeenea mno Ireland na kulishiriki si udugu. Ned mwenyewe hakuoa, hivyo inakubidi utafute kupitia ndugu zake, au ndugu za baba yake, John Kelly wa Tipperary, aliyehukumiwa kwa wizi wa nguruwe wawili na kupelekwa mwaka 1841 Tasmania, kisiwa cha Australia ambako Uingereza ilihamishia wafungwa.

Jambo ambalo mama mkwe hatalifurahia ni kwamba mhalifu ndiye rahisi kumpata. Mkulima mwadilifu aliacha mistari michache tu: ubatizo, ndoa, na pengine jina lake katika tathmini ya ardhi ya Griffith ya 1847 hadi 1864 (orodha ya waliomiliki au kukodi ardhi Ireland), ilhali mfungwa aliandikiwa umri, kosa, hukumu, na mara nyingi hata urefu na rangi ya macho. Rejista za wafungwa waliosafirishwa kabla ya 1836 ziliteketea Dublin mwaka 1922, pamoja na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851, lakini barua nyingi ambazo wafungwa na wake zao waliandika kuomba huruma zilinusurika kwa kuwa zilihifadhiwa kwingine. Binafsi naziona zina thamani kuliko hati ya hukumu, maana humo familia inajieleza yenyewe.

Mzee wa Nasaba:
Nakubaliana naye, ila niseme kidogo juu ya Grace. Alifariki yapata mwaka 1603, na daftari nyingi za parokia za Kikatoliki za magharibi mwa Ireland zinaanzia karne ya 19. Pengo hilo la miaka mia mbili na zaidi huzibwa tu na nasaba za makabaila, ambamo mpangaji wa kawaida hakuandikwa. Asili zilizothibitishwa kwa watu mashuhuri ni za karibu zaidi: Barack Obama, ambaye sisi humhesabu kuwa wa Kogelo, kwa mama anatokana na Falmouth Kearney, aliyeondoka Moneygall mwaka 1850, naye Muhammad Ali alikuwa kitukuu cha Abe Grady wa Ennis.

Kwa hiyo, mwanangu, agiza kwanza vyeti vya vifo vya jimbo la Victoria. Kwa kawaida hutaja wazazi wa marehemu, mahali alipozaliwa na miaka aliyoishi koloni. Ukipata jina la parokia ya Ireland, liandike hapa, kisha tutafute daftari zake katika tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ireland, ambazo husomwa bila malipo.