Vikao vya madiwani Dar havina mwandishi tena, na hela zetu zinapita hivi hivi

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sioni sababu ya kuificha. Wiki iliyopita nilikwenda kukaa kwenye kikao cha Baraza la Madiwani la halmashauri yetu, moja kati ya tano za mkoa huu. Sitaitaja, maana bado nina barua yangu mezani kwao. Mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza, mradi asichangie. Nilifika saa tatu kasoro. Upande wa kushoto wa ukumbi kulikuwa na meza ndefu yenye karatasi iliyoandikwa WANAHABARI, na viti vinane. Mpaka kikao kinafungwa, kiti kimoja tu ndicho kilichokaliwa, na aliyekikalia ni afisa wa kitengo cha habari cha halmashauri hiyo hiyo. Vijana wawili wa televisheni za mtandaoni walifika saa tano, wakamsubiri Mstahiki Meya kwenye korido, wakamrekodi dakika mbili, wakaandika majina yao kwenye daftari na kuondoka. Hawakuingia ndani kabisa.

Ndani ilikuwa inasomwa taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka. Kabrasha lilikuwa zito, kila diwani amewekewa lake mezani, na wengi walilifungua palepale kwa mara ya kwanza, nilikuwa nawaona. Mwenyekiti wa kamati akasoma muhtasari. Diwani mmoja mama akanyoosha mkono, akauliza fedha za matengenezo ya barabara za ndani zimeishia kata zipi. Akajibiwa alete swali lake kwa maandishi. Akakaa. "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ukumbi mzima: ndiyooo. Nilitazama saa, ni dakika sita. Mabilioni ya ushuru wetu, leseni za biashara, maegesho, vibanda vya mama ntilie, vyote vimepita kwa dakika sita, na swali pekee lililoulizwa siku ile halijaandikwa popote nje ya ukumbi ule.

Jioni, ukurasa wa Instagram wa halmashauri ukaweka picha kumi za watu wanatabasamu na maneno kwamba baraza limepitisha taarifa kwa kauli moja. Kesho yake nikanunua magazeti manne pale stendi, mimi ni mtu wa kununua magazeti tangu nasoma sekondari. Mawili hayakuwa na neno. Mawili yalikuwa na habari ile ile ya halmashauri, neno kwa neno, mpaka sentensi moja iliyokosewa ikabaki imekosewa kote. Juu yake kaandikwa "Na Mwandishi Wetu". Mwandishi wenu yupi? Mimi nilikuwepo, sikumuona!

Sasa niwaambie kilichonipeleka.

Huku kwetu kuna bonde linalotenganisha mtaa wetu na shule ya msingi. Tulijengewa kivuko cha waenda kwa miguu, zege na nondo, na kibao kikubwa cha mradi chenye jina la mkandarasi, gharama na chanzo cha fedha. Mvua za Aprili 2024 zikaja, kivuko kikaondoka. Hakikuchakaa, wakuu, kiliondoka kwa usiku mmoja, na asubuhi tukaona nondo zilizochomoza, nyembamba, vidole vyangu ni vinene kuliko zile nondo. Baada ya wiki mbili kibao cha mradi nacho kikang'olewa. Hakikuchukuliwa na maji, kilikuwa juu kabisa ya mteremko.

Tangu hapo, mvua ikinyesha, vijana wanavusha watu mgongoni. Jero kwa mtu mzima, watoto wa shule bure au shilingi mia mbili, inategemea na roho ya kijana. Nimewaona watoto wa darasa la pili wamevua viatu, wamevifunga shingoni kwa kamba, wanangoja zamu.

Nikaandika barua. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 30 kumjibu mwombaji. Nikaomba mkataba wa kile kivuko na taarifa ya mhandisi aliyekipokea. Nakala yangu ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Siku 30 zikapita, zikapita nyingine, na kila nikienda masjala naambiwa faili liko kwa bosi.

Nikatafuta waandishi. Wa kwanza akaniuliza kama kuna kiongozi atakayekuwepo, maana mhariri wake hatoi nafasi bila kauli ya kiongozi. Wa pili aliipenda stori, akasema tatizo ni nauli, ofisi yake haijampa hata senti ya usafiri mwezi mzima. Nikamtumia elfu ishirini. Akaja kweli, akashuka mpaka chini bondeni, akapiga picha zile nondo, akaongea na mama mmoja ambaye mwanawe alianguka na kuvunjika mkono. Nikasema huyu ndiye. Baada ya siku nane habari ikatoka: diwani aahidi neema ya kivuko kipya. Picha iliyotumika ni ya diwani. Nondo hazimo, mama hayumo, mkandarasi hayumo. Nilimpigia yule kijana, hakujitetea. Alisema, "Kaka, nilivyoiandika sivyo ilivyotoka, na mimi nalipwa kwa stori iliyotoka." Wakati naandika bandiko hili ni kama namsikia.

Simlaumu yeye. Waandishi wa kujitegemea ndio wanaobeba kurasa za magazeti haya, hawana mkataba, hawana bima, wanalipwa elfu chache kwa habari iliyochapwa. Mtu wa hivyo ukimwambia akae kikao cha masaa sita asome kabrasha la kurasa mia mbili, halafu habari isitoke, watoto wake wanakula nini? Ndiyo maana anakimbilia penye mshiko: semina hotelini, uzinduzi, ziara ya mkuu wa wilaya. Anayetoa mshiko ndiye anayeamua kesho tutasoma nini. Tumeunda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, tunabishana mwandishi awe na stashahada au asiwe nayo, sawa, elimu ni jambo jema. Ila mwenye gazeti anayemlipa msomi huyo nauli ya daladala moja naye aitwe kwenye bodi aulizwe.

Mtaani kwetu aliishi mwandishi mmoja miaka ya 2000 mwishoni. Alikuwa anakaa mikutano ya mtaa mpaka mwisho, na daftari lake la jalada gumu. Siku moja aliandika aya tatu ukurasa wa sita kuhusu dampo lililokuwa nyuma ya zahanati. Aya tatu tu. Keshokutwa yake malori yalikuja kuzoa. Watendaji walikuwa wanaulizana "yule jamaa yupo?" kabla hawajafungua mkutano. Leo ni afisa habari wa halmashauri moja nje ya Dar, ana mshahara, ana mkopo wa nyumba, anaandika "Mkurugenzi afanya ziara ya kushtukiza". Siwezi kumwambia arudi. Arudi wapi? Dawati lake halipo.

Kuna watu wanasema magazeti yamekufa kifo cha kawaida kwa sababu ya simu. Ni nusu ya ukweli. Ni kweli sisi wasomaji tumeacha kununua, tunazungushiana picha za kurasa za mbele kwenye magrupu ya WhatsApp kila alfajiri, na redio zinatusomea vichwa vya habari bure. Nenda meza yoyote ya magazeti, Mbagala, Ubungo, Mwenge, utakuta watu kumi na tano wamesimama wanasoma vichwa, magazeti yamekandamizwa kwa mawe yasipeperuke, na muuzaji hajauza nakala mbili. Yanayouzika ni ya Simba na Yanga. Hilo tulibebe wenyewe.

Lakini nusu nyingine mbona hatuisemi? Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja. Mwaka huo huo ikaja Sheria ya Huduma za Habari. Mwaka 2017 peke yake gazeti la Mawio likafungiwa miaka miwili, MwanaHalisi miaka miwili, Raia Mwema siku 90, Tanzania Daima siku 90. Novemba ya mwaka huo huo Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi kule Kibiti, akatoweka, na mpaka leo familia yake haina kaburi wala jibu. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa alipe ada zilizozidi shilingi milioni mbili kabla hajaandika mstari mmoja. Tanzania Daima likafutiwa leseni kabisa Juni 2020. Ada zilikuja kushushwa, na Februari 2022 magazeti manne yakarudishiwa leseni, tulishangilia, nami nilishangilia. Ila gazeti lililofungwa miaka halirudi kwa karatasi ya leseni. Waandishi wake wameshatawanyika, wauzaji wameshazoea kutolipanga, mtangazaji wake ameshahama. Na mtangazaji mkubwa nchi hii ni nani? Ni Serikali na taasisi zake. Mhariri anajua kabisa tangazo la zabuni la ukurasa mzima linatoka ofisi ile ile ambayo wewe unamletea habari ya kivuko chake.

Mwaka 1993 Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliandika habari za kitalu cha uwindaji cha Loliondo, nchi ikatikisika. Mwaka 2008 tuliona waziri mkuu anajiuzulu kwa kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, baada ya magazeti kuing'ang'ania ile habari na Bunge kuunda kamati teule. Watu wanakumbuka haya makubwa. Mimi nalilia madogo. Wizi wa kitaifa angalau una CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, una Bunge, una wanasiasa wanaogombana. Wizi wa nondo za kivuko cha mtaa ulikuwa na yule mwandishi wa ukurasa wa sita tu. Akitoka yeye, hakuna mwingine.

Chukua ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Ilitolewa na halmashauri miaka yote, mpaka Aprili 2023 ikasimamishwa nchi nzima baada ya ripoti ya CAG kuonyesha madudu yake. Vile vikundi hewa havikuwa siri mtaani. Mama ntilie walikuwa wanavijua kwa majina, wanajua mwenyekiti wa kikundi ni shemeji wa nani. Ingetosha mwandishi mmoja kwa kila halmashauri, apite na orodha mlango kwa mlango. Tukasubiri mkaguzi kutoka juu, na akina mama waliokuwa wanarejesha vizuri wakakosa mkopo pamoja na wezi.

Au Kariakoo. Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka, kamera zilikesha pale, na walifanya kazi nzuri, tulifuatilia uokoaji saa kwa saa. Machi 2013 ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi liliua watu 36, nalo tulikesha nalo. Katikati ya hizo siku mbili kuna miaka kumi na moja na ushee. Miaka hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwandishi wa jiji: kibali kimetoka dirisha lipi, mkaguzi kapita lini, nani anachimba chini ya jengo lenye watu juu. Hiyo ni kazi ya kuchosha, ya kukaa kwenye mabenchi ya ofisi na kurudi kesho, na hakuna mhariri anayelipia mtu kukaa kwenye benchi.

Najua mtakaokuja kusema kila mwenye simu ni mwandishi siku hizi. Nilijaribu. Video yangu ya watoto wakivushwa ilizunguka magrupu siku mbili, watu wakaweka emoji za machozi, siku ya tatu ikawa derby. Halafu mwenyekiti wa mtaa akaja nyumbani kuniuliza kwa upole kama naijua Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwandishi akitishwa ana mhariri, ana wakili wa kampuni, ana Baraza la Habari la kumpigia kelele. Mimi nina mke wangu na geti la bati. Na simu haiwezi kuingia kwenye NeST, mfumo wa zabuni za Serikali, ikafuatilia mkandarasi yule yule kapewa kazi gani nyingine, wala haiwezi kumuuliza mhandisi swali la pili akikwepa la kwanza.

Kwa hiyo nauliza wenzangu wa Temeke, Ubungo, Kinondoni, Ilala na Kigamboni: nani hapa ameingia kikao cha baraza lake mwaka huu, na kwenye meza ya wanahabari alimkuta nani? Andikeni hapa chini, tarehe na idadi ya viti vilivyokaliwa. Na kama kuna mhariri anasoma, ninazo picha za nondo, nakala ya barua yenye muhuri, na namba ya yule mama. Nauli ya mwandishi wako nitalipa tena, ila safari hii nataka nondo zionekane gazetini.

Mvua imenyesha usiku kucha huku kwetu. Nimeshuka bondeni saa kumi na mbili na nusu, foleni ya watoto ilikuwa imefika kwenye mwembe. Jero imekufa, leo mgongoni ni buku.