Mafunzo ya Kaizen kwa viongozi wa vituo vya afya: tuyaandae vipi ili watumishi washiriki kweli?

Mfawidhi wa Kusini (Mtwara)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaongoza kituo cha afya katika moja ya wilaya za Mkoa wa Mtwara. Nimeingizwa katika kikundi kidogo kitakachoandaa mafunzo ya wafawidhi, wauguzi viongozi na wakuu wa vitengo kuhusu uboreshaji wa mchakato wa kazi, kwa njia ambayo wenzetu wa nje huiita Lean na ambayo sisi tumeizoea zaidi kwa jina la Kaizen. Rasimu iliyopo mezani inapendekeza siku tano ukumbini mjini: nne za nadharia na moja ya kuandika mpango kazi.

Kinachonisumbua ni kwamba mimi mwenyewe nilipitia mafunzo ya namna hiyo nilipokuwa kituo kingine. Tulirudi na ari kubwa, tukapanga makabati, tukabandika lebo, tukachora mistari ya rangi sakafuni na kupiga picha za kabla na baada. Miezi michache baadaye lebo zilikuwa bado zipo, lakini vilivyokuwa ndani ya masanduku havikuwa tena vile vilivyoandikwa juu yake, na mama aliyeleta mtoto mwenye homa alikuwa bado anakaa benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kibaya zaidi, watumishi waliichukulia kazi yote kuwa maandalizi ya ukaguzi: tukisikia wageni wanakuja tunapanga, wakiondoka tunarudi tulikotoka.

Naomba kujua kwa wenye uzoefu: mafunzo ya viongozi yaanzie wapi ili mgonjwa aone tofauti? Na kiongozi afundishwe nini hasa ili watumishi walio chini yake wachangie mawazo kwa hiari, badala ya kusubiri maagizo?

Mkufunzi wa Ubora (Lindi)

Ndugu Mfawidhi, nashukuru kwa kulileta jambo hili, kwa sababu ulichokieleza nimekiona katika vituo vingi vya ukanda wetu.

Wizara ya Afya ilianza kuingiza utaratibu huu mwaka 2007 kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, na hospitali ya rufaa ya Mbeya ndiyo iliyokuwa ya mfano. Somo lenyewe lilipitia Sri Lanka, katika hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, ambako walithibitisha kwamba mambo yaliyozaliwa viwandani yanawezekana katika hospitali ya umma yenye fedha kidogo. Maneno yetu matano, yaani sasambua (ondoa visivyohitajika), seti (panga vinavyobaki), safisha, sanifisha (weka utaratibu mmoja) na shikilia (dumisha utaratibu huo), yaliwekwa kuwa msingi, na juu ya msingi huo ndipo Kaizen ilipotakiwa kujengwa. Wengi wetu tumejenga msingi, tukaupaka rangi, kisha tukahamia humo kana kwamba nyumba imekwisha.

Kaizen inahusu upotevu, na makabati ni sehemu ndogo tu ya habari yake. Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya magari ya Toyota ya Japani, aliwafundisha watu wake kuitazama kazi na kutenga kile kinachomfaa mteja na kile kinachokula nguvu bure: kusubiri, kutembea kusiko na sababu, kuandika jambo moja mara tatu, kurekebisha makosa, kurundika vitu vitakavyoharibika. Wajapani huuita upotevu huo *muda*. Kwetu neno hilo lina maana nyingine kabisa, lakini kwa mgonjwa aliye benchi maana hizo mbili ni kitu kimoja.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: mafunzo yaanzie getini. Kabla ya kumweka kiongozi ukumbini, mwache amfuate mgonjwa mmoja kwa ridhaa yake, tangu anapoingia mpaka anapotoka na dawa mkononi, akiwa na karatasi na saa, akiandika kila anaposimama, anapokaa na anaporudishwa. Mgonjwa wa homa huandikishwa, hulipa au huonyesha kadi ya bima, hupimwa joto na uzito, humwona tabibu, hurudi kulipia kipimo, huenda maabara, husubiri majibu, hurudi kwa tabibu, kisha huenda dirisha la dawa. Wafawidhi niliowapa zoezi hili walirudi wakiwa kimya, kwa sababu walikuwa wamefanya kazi katika majengo hayo kwa miaka na hawakuwahi kuiona safari hiyo ikiwa nzima.

Baada ya hapo hesabu ndogo huwaingia vizuri. Chukulia wagonjwa 30 wanaingia kila saa na kila mmoja anakaa kituoni saa 3. Maana yake wakati wowote utakuwa na watu kama 90 ndani ya uzio. Ukipunguza muda wa kukaa ukawa saa 2, watabaki 60 bila kujenga hata benchi moja jipya. Kiongozi akiielewa hesabu hiyo huacha kuomba jengo la kusubiria na huanza kuuliza kwa nini watu wanasubiri.

Mara nyingi chanzo humgusa yeye mwenyewe. Wagonjwa wetu hutoka vijijini alfajiri kwa bodaboda na hutaka kurudi mapema. Saa 1 asubuhi uwanja umejaa, lakini maabara inaanza kupokea sampuli saa 3 kwa sababu wataalamu wake wote wako kwenye kikao cha asubuhi. Foleni hiyo imetengenezwa na ratiba iliyosainiwa na uongozi, na hakuna lebo itakayoiondoa. (Pimeni pia kwa misimu tofauti. Wiki moja ya msimu wa korosho haifanani na wiki ya masika, malaria inapopanda.)

Kuhusu siku tano mfululizo, nisingezitumia hivyo. Siku mbili za darasani zinatosha kuanza. Kisha kila kiongozi arudi kazini na tatizo moja alilolipima mwenyewe, alifanyie kazi kwa wiki sita akiwa na watumishi wake, huku mkufunzi akimfuata hukohuko kituoni. Wapange, wajaribu, wapime, warekebishe, na jaribio la kwanza liwe dogo: mgonjwa mmoja, asubuhi moja. Siku zilizobaki zitumike mwishoni, viongozi wakikutana na kuelezana kilichoshindikana.

Mfamasia wa Nachingwea

Naunga mkono na naongeza mfano mmoja kutoka dirisha la dawa. Mahali nilipowahi kufanya kazi, wagonjwa wengi waliofika dirishani walilazimika kurudi kwa tabibu kwa sababu dawa iliyoandikwa haikuwepo. Tulilalamika sana kuhusu bohari, na kweli upungufu ulikuwepo, lakini tulipoanza kuandika kila mgonjwa anayerudishwa na sababu yake tuligundua kwamba mara nyingi dawa mbadala ilikuwa rafuni na tabibu hakujua. Tukakubaliana kwamba kila asubuhi kabla ya kazi karatasi moja ipelekwe kwenye vyumba vya matabibu, ikionyesha dawa zilizokwisha, zinazokaribia kuisha na zile zinazokaribia muda wake wa mwisho wa matumizi. Haikugharimu chochote zaidi ya karatasi.

Aliyetoa wazo hilo alikuwa mhudumu wa afya aliyekuwa akiwapanga wagonjwa kwenye foleni, mtu ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote. Alilijua tatizo kwa sababu yeye ndiye aliyesemwa na wagonjwa kila siku. Naomba mtakapoandaa mafunzo mumkumbuke mtu wa namna hiyo.

Muuguzi wa Wodi ya Wazazi (Mtwara)

Shikamooni wakubwa zangu. Napenda kujibu swali la pili, kwa sababu Mwalimu amelieleza vizuri la kwanza lakini la pili amelipita haraka.

Watumishi hawanyamazi kwa kukosa mawazo. Wananyamaza kwa sababu wamejifunza kinachompata anayesema. Nikiwa bado mgeni kazini, nilitoa taarifa kwamba mfuko wa kumsaidia mtoto mchanga kupumua ulikuwa haupo mahali pake usiku ule tulipouhitaji. Sikuulizwa uliondokaje wala tufanye nini usiondoke tena. Niliandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Tangu siku hiyo hadi nilipohama sikutoa taarifa nyingine, na wenzangu walioiona barua ile nao hawakutoa. Yule kiongozi alikuwa amehudhuria mafunzo ya ubora, na cheti chake kilikuwa ukutani.

Toyota, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro huvuta kamba, na msimamizi huja alipo ili wasaidiane. Hospitali ya Virginia Mason ya Seattle, Marekani, ambayo viongozi wake walikwenda Japani kujifunza mwaka 2002, iliichukua kanuni hiyo ikaweka utaratibu ambao mtumishi yeyote anaweza kutoa tahadhari anapoona jambo linaloweza kumdhuru mgonjwa. Pia uongozi wake uliahidi kwamba hakuna atakayepunguzwa kazi kwa sababu ya maboresho, na hapo ndipo ninapowaomba mtulie. Mtumishi akihisi kwamba dakika anazookoa zitatumika kumwondoa au kumwongezea wodi ya pili, hatawaonyesha upotevu wowote. Sisi huku tuko wachache, usiku muuguzi mmoja hubeba wodi nzima, na neno ufanisi likija peke yake tunalisikia kama kuambiwa tukimbie zaidi. Kiongozi afundishwe kusema wazi, na kulisimamia, kwamba muda utakaookolewa utarudi kwa mgonjwa na kwa mtumishi kupumzika.

Afundishwe pia namna ya kuuliza. "Nani amefanya hivi?" na "Nini kilitokea mpaka ikawa hivi?" ni maswali mawili tofauti kabisa masikioni mwa mtu aliyekesha. Afanye mazoezi ya swali la pili ukumbini, mbele ya wenzake, mpaka limtoke bila kulitafuta.

Na kila wazo lipewe jibu. Sisi sasa tuna ubao karibu na meza ya wauguzi, umeandikwa tatizo, aliyelileta, anayelishughulikia na tarehe ya kurudi nalo. Kiongozi wetu hupita kila Jumatatu na kusimama hapo kwa dakika kumi. Akishindwa jambo anasema ameshindwa na kueleza sababu, na hata jibu hilo linatutia moyo, kwani sanduku la maoni lenye kufuli tulilokuwa nalo zamani halikuwahi kumjibu mtu.

Katibu wa Afya

Kwa kifupi kuhusu fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vimekuwa vikipokea sehemu ya fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao. Mafunzo yasimwache kiongozi bila kujua namna ya kuingiza mahitaji madogo ya maboresho, kama rafu, taa au ubao, kwenye mpango wa kituo na kuyapeleka kwenye kamati ya usimamizi, maana wazo la mtumishi likikwama kwa kukosa taa, kesho hataleta lingine. Kuhusu posho, fedha za siku za ukumbini zilizopunguzwa zihamishiwe kwenye mafuta na gharama za wakufunzi kufuata vituo; jambo hilo lielezwe mapema ili lisizue manung'uniko.

Mfawidhi wa Kusini (Mtwara)

Nawashukuru nyote. Dada Muuguzi, habari ya barua ile nimeisoma mara mbili, kwa sababu nami nimewahi kuandika barua za namna hiyo nikidhani ninasimamia nidhamu.

Nitakwenda kwenye kikundi na pendekezo la siku mbili, wiki sita za kazi kituoni, kisha kikao cha kuelezana, na nitaomba kila kiongozi aje na mtumishi mmoja asiye na cheo. Kabla ya hapo, Alhamisi hii nitamfuata mgonjwa wa kwanza tangu getini. Mwalimu, naomba unieleze jambo moja: nikikuta kwamba kinachowachelewesha ni kikao changu cha asubuhi, nikigawe kwa zamu ili maabara ianze kazi saa 1:30, au nikihamishie mchana kabisa?

Mkufunzi wa Ubora (Lindi)

Usiamue sasa. Wapelekee watu wa maabara karatasi yako ya Alhamisi, uwaulize wao, kisha jaribuni watakachopendekeza kwa siku tatu mkipima tena.