Mama yangu hakula haluwa. Dawa ndiyo iliyokufa!

Jamani, nimekasirika hadi mikono inatetemeka.

Mama ana kisukari mwaka wa 11 huu. Tuko Faza, kisiwani Pate, kaunti ya Lamu. Juzi nilimchukulia insulini kituo kimoja humu kaunti, ile nyeupe kama maziwa, chupa mbili. Akajidunga asubuhi na jioni bila kuruka. Siku ya nne sukari 22. Siku ya tano mashine ikaandika HI tu, yaani sukari imepita kipimo chake, haina hata namba. Anakojoa usiku kucha, kiu haikatiki, kalegea. Tukampakia boti tukamrudisha kulekule.

Sista hata chupa hakuitaka. La kwanza: "Mama, umekula haluwa?" Mama wa miaka 67, foleni nzima inasikia, akaanza kula yamini kama mtoto aliyedokoa. Mahamri kaacha, chai ya rangi kavu, wali anapimiwa kwa kikombe! "Nyinyi watu wa visiwani hamsikii."

Nikaitoa chupa. Ukiiviringisha taratibu viganjani inafaa iwe nyeupe sawasawa. Hii ina mabonge, na chembe zimegandia kwenye kioo. Nikauliza ilihifadhiwa wapi. Mhudumu mmoja (Mungu amlinde, simtaji) akanivuta kando: friji ilikufa wiki nzima, dawa zikatiwa kwenye sanduku la barafu. Barafu ya wavuvi, ya samaki! Chupa zimelazwa juu ya barafu yenyewe.

Insulini haitaki joto, na kuganda ndiko kabisa haitaki. Ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Ikishaganda hata mara moja ni ya kutupa, hata kama imeyeyuka. Sisi tusio na friji tunaiweka chupa iliyofunguliwa ndani ya chungu kilicholowekwa maji, kivulini, na wiki 4 zikitimia tunaitupa. Mama hajui kusoma lakini hilo analijua. Wenye makoti meupe je?

Nikauliza tena: waliopewa chupa za wiki ile wamepigiwa simu? Kimya. Sista akajifanya anatafuta kalamu.

Basi wa Siyu, Kizingitini, Pate, kama mzazi wako alichukua dawa karibuni, itoe uitazame sasa hivi. Ikiwa na mabonge, asijidunge tena, wala msimzidishie dozi wenyewe. Mpelekeni leo hii akabadilishiwe, na chupa mwende nayo mkononi.