Maandamano ya vita: polisi wanasema laki tatu, waandalizi laki nane, nani huwa anahesabu?

kinyozi_umoja
Habari zenu wakubwa. Mimi nina kinyozi hapa Umoja na tivi huwa iko on siku mzima, sasa jana kuna mzee alikuwa kwa kiti nusu kichwa imenyolewa akaanza kubishana na kijana wa kwa foleni. Stori ilikuwa yale maandamano ya London ya Novemba 11, 2023, ya kutaka vita vya Gaza visimamishwe. Mzee anasema polisi walisema watu 300,000, kijana ako na simu anasema waandalizi walisema 800,000. Sasa tofauti ya laki tano si kukosea mtu mmoja wawili, hiyo ni uwanja wa Kasarani ukijaa mara nane na wengine wabaki nje. Mzee akakasirika akatoka hivyo hivyo na nusu kichwa, sikatai nilicheka lakini pia hajalipa. Swali langu: nani huwa anahesabu hawa watu? Na kama ni wengi hivyo mbona tivi huwa inaonyesha vurugu tu?

fundi_kamera
Hiyo ya vurugu naweza kujibu juu nilikuwa msaidizi wa kamera kwa stesheni moja hapa tauni, sitaitaja. Siku moja tuko Kenyatta Avenue, watu wamejaa mpaka kule chini wanaimba, wengine wamebeba watoto, halafu kando ya pipa la taka kuna tairi moja inachomeka. Tairi moja! Ripota akaniambia geuza huku, tukapiga hiyo tairi kama dakika ishirini. Habari ya saa moja jioni ikafunguliwa na nini? Tairi. Hakuna mtu alisema uongo, tairi ilikuwa inawaka kweli, lakini mama yangu akanipigia simu ati mji umeteketea.
Hata hiyo ya London ni hivyo tu, kuna kikundi kilikuja kupinga maandamano kikapigana na polisi karibu na ule mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi, na wengi wa waliokamatwa siku hiyo walikuwa hao, lakini mtu akisoma kichwa cha habari mbio mbio anadhani ni waandamanaji.

shosho_digital
Wajukuu, hii mambo ni ya zamani. Oktoba 2002 watu waliandamana Washington kupinga vita vya Iraq hata havijaanza, New York Times ikaandika ati waliojitokeza walikuwa wachache kuliko waandalizi walivyotarajia. Wasomaji wakalalamika, baada ya siku chache gazeti likaandika stori ingine tena, safari hii likasema polisi walikadiria 100,000 na waandalizi 200,000. Maandamano ni yale yale, gazeti ni lile lile! Sasa nani alisoma ya pili? Ile ya kwanza ndiyo watu walikunywa nayo chai.

mpinzani_wa_kila_kitu
Mimi niko tofauti kidogo na nyinyi. Hesabu ya barabarani si maoni ya wananchi. Februari 15, 2003, kupinga hiyo vita ya Iraq, Roma walikadiriwa kama milioni tatu, London polisi wenyewe walisema zaidi ya 750,000, na Machi 20 vita vikaanza tu. Na huko Marekani vita vilipoanza tu, Gallup, kampuni ya kura za maoni, iliuliza watu ikapata asilimia 72 wanaunga mkono. Twende nyuma zaidi, Mei 4, 1970 wanajeshi waliua wanafunzi wanne chuo kikuu cha Kent State huko Marekani kwa maandamano ya kupinga vita vya Vietnam na Kambodia, kura ya maoni ikafanywa, asilimia 58 wakalaumu wanafunzi. Wanafunzi! Wenye kufa. Kwa hivyo tusidanganyane, mtu ako nyumbani kwa sofa pia ana maoni na ni wao wengi.

fundi_kamera
@mpinzani sawa lakini huyo wa sofa amepata wapi hayo maoni? Si kwa tivi. Shirika moja la kuchunguza vyombo vya habari linaitwa FAIR lilihesabu watu waliohojiwa kuhusu Iraq kwa habari za jioni za stesheni nne kubwa za Marekani, wiki moja kabla na wiki moja baada ya Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, kuhutubia UN Februari 2003. Watu 393. Wa vikundi vya kupinga vita walikuwa watatu. Wengi walikuwa maofisa wa sasa au wa zamani. Halafu mwezi unaofuata unamuuliza mtu anaunga mkono vita? Ni kama kuulizwa chakula gani unapenda na umekuwa ukipewa ugali na sukuma tangu utoto.

mpinzani_wa_kila_kitu
Ugali sukuma ni tamu bana. Lakini point imefika.

mhandisi_southb
Mbona hakuna mtu amejibu swali la kinyozi? Kuhesabu kuna njia. Kuna mwalimu wa uandishi wa habari huko chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, Herbert Jacobs, miaka ya sitini alikuwa anaona maandamano ya Vietnam kutoka dirisha la ofisi, na ile plaza ilikuwa na mistari ya miraba chini. Akahesabu watu kwa miraba michache akazidisha. Akapata watu wakiwa wamelegea, yaani wameachiana nafasi, kila mtu anachukua futi 10 za mraba, wakibanana ni 4.5. Yaani chukua godoro la tatu kwa sita, ni futi 18. Wamelegea wanasimama kama wawili, wamebanana wanne. Sasa pima barabara ina magodoro mangapi. Tatizo ni maandamano yanatembea, aliyeingia saa sita ametoka saa nane, hapo ndipo polisi na waandalizi wanaachana kabisa.

kinyozi_umoja
Asanteni. Mzee amerudi leo asubuhi na kofia, amelipa, nimemalizia upande wa kushoto. Nimemweleza ile ya godoro. Ameniuliza kama hao waandamanaji walikuwa wamelala.